Aldosteroni juu, presha chini: je, mjamzito aache chumvi?

Swali la msomaji: "Nina ujauzito wa wiki 28, wa kwanza. Miguu inanivimba jioni na nachoka sana, kwa hiyo nilipimwa damu. Majibu yanasema aldosteroni ni nanogramu 62 kwa desilita, na karatasi ya maabara imeandika mwisho ni 30. Kotisoli ya asubuhi ni mikrogramu 31 kwa desilita, mwisho wao 25. Sodiamu ni 134, potasiamu 3.8. Presha yangu ni 104/62 na mkojo hauna protini. Aliyenisomea majibu alisema tezi za adrenali zinafanya kazi kupita kiasi, na kwamba niache chumvi kabisa. Je, nina ugonjwa wa tezi hizo? Na chumvi niiache?"

Dada, kwa majibu haya uliyoyaandika, hakuna dalili ya ugonjwa wa tezi za adrenali. Chumvi usiiache. Vipimo vyako vimelinganishwa na viwango vya watu wasio na mimba, na kwa homoni hizi mbili ulinganisho huo haufai kabisa. Katika wiki ya 28, aldosteroni ya 62 ni ya kawaida. Ningeshtuka zaidi kama ingekuwa 8.

Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu ushauri wa "acha chumvi" hutolewa mara nyingi kwa nia njema, na ukishaelewa mwili unafanya nini utaona mwenyewe kwa nini haufai.

Aldosteroni hutengenezwa kwenye tabaka la nje la tezi za adrenali, zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Kazi yake iko kwenye sehemu za mwisho za mirija ya figo. Mkojo ukifika huko, sodiamu nyingi imeshanyonywa na kurudi kwenye damu, imebaki asilimia chache tu. Aldosteroni ndiyo inayoamua hizo chache zirudi au zipotee. Huingia ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, na seli hiyo huongeza milango ya kupitisha sodiamu. Sodiamu inaporudi kwenye damu, maji huifuata, na potasiamu hutolewa nje kwenye mkojo.

Kwa hiyo mtu ambaye kweli ana aldosteroni ya ziada inayofanya kazi bila kizuizi huacha nyayo tatu: presha inapanda, potasiamu inashuka, na renini, homoni ya figo inayoamrisha aldosteroni itengenezwe, inazimika kwa sababu figo zinaona chumvi imetosha. Tazama majibu yako sasa. Presha 104/62 iko chini. Potasiamu 3.8 iko salama. Mbili kati ya nyayo tatu hazipo. Una aldosteroni nyingi, lakini figo zako zinatenda kama za mtu mwenye aldosteroni ya kutosha tu.

Ni kwa sababu kuna anayeshindana nayo, naye ni projesteroni.

Projesteroni unaijua kama homoni ya kutunza mimba. Mwanzoni hutolewa na kile kifuko cha njano kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, na kati ya wiki ya 7 na ya 10 kondo la nyuma hupokea kazi hiyo. Mimba inapokomaa, kondo hutengeneza takriban miligramu 250 za projesteroni kila siku. Sasa, umbo la projesteroni linakaribiana sana na la aldosteroni, kiasi kwamba huingia kwenye kipokezi kilekile cha figo na kukishika kwa nguvu ile ile. Lakini ikishaingia, haikiamshi. Ni ufunguo unaoingia kwenye kitasa na kukwama humo: mlango haufunguki, na ufunguo wa kweli hauna pa kuingia. Matokeo yake ni kwamba chumvi huanza kuponyoka kwenye mkojo.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1958 watafiti Landau na Lugibihl walionyesha kwamba projesteroni huzuia kazi ya aldosteroni kwa binadamu. Walichokiona kinafundisha mengi: kwa watu ambao tezi zao za adrenali hazifanyi kazi na hawajapewa homoni ya kushika chumvi, projesteroni haikumwaga chumvi. Ilimwaga pale tu homoni ya kushika chumvi ilipokuwepo. Maana yake ni kwamba projesteroni haifukuzi chumvi yenyewe, bali inamzuia anayeishika. Dawa ya spironolaktoni, inayotumika leo kwa moyo na presha, hufuata njia hiyohiyo.

Katika wiki yako ya 28 projesteroni iliyomo kwenye damu huzidi aldosteroni zaidi ya mara 100. Utauliza: mbona basi aldosteroni haishindwi moja kwa moja? Kwanza, projesteroni karibu yote husafiri ikiwa imebebwa na protini za damu, sehemu iliyo huru ni ndogo sana, wakati aldosteroni iliyo huru ni sehemu kubwa ya aldosteroni yote. Pili, figo zenyewe zina vimeng'enya vinavyoibadilisha projesteroni kabla haijafika kwenye kipokezi. Kwa hiyo ni kuvuta kamba kati ya pande mbili zinazokaribiana nguvu, na kila projesteroni inapoongezeka, adrenali huongeza aldosteroni ili kamba isiende upande mmoja. Namba 62 kwenye karatasi yako inaonyesha nguvu ya upande mmoja wa kamba. Upande wa pili haukupimwa, wala hakukuwa na haja ya kuupima.

Hata mwezi wa kawaida wa mwanamke asiye na mimba una mvutano huu kwa kiwango kidogo. Baada ya yai kutoka, projesteroni inapanda, na aldosteroni inapanda nayo. Mimba inachukua jambo la kila mwezi na kulikuza.

Estrojeni nayo iko upande wa adrenali, lakini hupitia mlango mwingine. Hulifanya ini litoe kwa wingi protini iitwayo anjiotensinojeni, mara kadhaa zaidi ya kawaida. Hiyo ndiyo malighafi. Renini huikata, kisha kimeng'enya kingine huikata tena, na kinachopatikana ni anjiotensini ya pili, ambayo huziamrisha adrenali zitoe aldosteroni. Na renini yenyewe huongezeka mapema, kwanza kutoka kwenye ovari na ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi, kisha kutoka kwenye figo zinazoitikia kupotea kwa chumvi na kulegea kwa mishipa. Mtu asiye na mimba akiwa na anjiotensini nyingi namna hiyo, presha yake ingepanda sana. Mishipa ya mjamzito mwenye afya huwa migumu kuitikia amri hiyo. Ndiyo maana presha yako iko 104/62 badala ya kupanda, na ndiyo maana katikati ya mimba presha huwa chini kuliko kabla ya kupata mimba.

Kulegea kwa mishipa huko huanza mapema sana, kwenye wiki ya 5 au ya 6, kabla hata tumbo halijaonekana. Homoni nyingine ya ovari iitwayo rilaksini inachangia. Mishipa ikilegea, chombo kimepanuka lakini maji yaliyomo ni yaleyale, hivyo mwili unaona upungufu na kuanza kukusanya chumvi na maji ya kujaza nafasi hiyo. Hadi karibu na kujifungua, sehemu ya majimaji ya damu inakuwa imeongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na maji yote ya mwili kwa lita 6 hadi 8. Hayo ndiyo yanayolisha kondo, na ndiyo akiba yako damu itakapotoka wakati wa kujifungua.

Naomba tukae kidogo kwenye hesabu ya chumvi, kwa sababu hapa ndipo kosa la "acha chumvi" linapojionyesha.

Figo za mtu mzima asiye na mimba huchuja sodiamu takriban milimoli 23,000 kwa siku. Ukiigeuza iwe chumvi ya mezani, ni kama kilo moja na theluthi, na karibu yote hurudishwa kwenye damu. Ukipata mimba, uchujaji wa figo unapanda kwa takriban nusu kabla miezi mitatu ya kwanza haijaisha. Sodiamu inayochujwa inafika karibu milimoli 33,000 kwa siku. Yaani kila siku figo zako zinalazimika kuokoa zaidi ya nusu kilo ya ziada ya chumvi ambayo ingeweza kupotea, huku projesteroni ikizishika mikono. Na katika mtiririko huo mkubwa, mwili unatakiwa kubakiza kiasi gani? Katika mimba nzima ni milimoli 900 hadi 1,000 hivi, sawa na gramu 55 za chumvi. Gawanya kwa siku 280: ni robo ya gramu kwa siku, au pungufu kidogo. Chembe chache tu za chumvi, ukizitia kiganjani hata hujazisikia.

Ni kazi ya usahihi wa ajabu, na chombo cha kuifanyia ni hiyohiyo aldosteroni uliyoambiwa kwamba imezidi. Ukikata chumvi kabisa, figo hazipati nafuu yoyote. Renini inapanda zaidi, aldosteroni inapanda zaidi, na kama chumvi haitoshi kweli, kinachopungua ni ujazo wa damu. Ukirudi kupimwa baada ya wiki mbili za kuacha chumvi, karatasi ingeonyesha aldosteroni ya juu kuliko 62, na huenda ungeambiwa ugonjwa umezidi. Wanawake wamezungushwa hivyo, na inaniuma kila ninapoona, kwa sababu tiba yenyewe ndiyo iliyotengeneza kipimo kibaya.

Sodiamu ya 134 nayo isikutishe. Wengi hudhani sodiamu ya chini kwenye karatasi maana yake chumvi imepungua mwilini. Kile kipimo hakipimi wingi wa chumvi, kinapima chumvi ukilinganisha na maji. Katika ujauzito ubongo huteremsha kiwango ambacho kiu huanza na homoni ya kubana mkojo hutolewa, kwa hiyo unakunywa na kubakiza maji mapema kidogo kuliko zamani. Sodiamu inashuka kwa milimoli 4 au 5 na inakaa hapo mpaka mwisho. Una chumvi nyingi mwilini kuliko ulivyokuwa kabla ya mimba, ila imo ndani ya maji mengi zaidi. Hakuna haja ya kuongeza chumvi ili kuipandisha namba hiyo, wala kujinyima maji. Ingeshuka chini ya 130, hapo daktari atafute sababu.

Potasiamu ndiyo shahidi ninayempenda zaidi. Kwa aldosteroni ya 62, mtu asiye na mimba angeweza kutoa potasiamu kwenye mkojo hadi misuli ikalegea na moyo ukapiga vibaya. Mjamzito hubakiza potasiamu, milimoli mia tatu na zaidi katika mimba nzima, ya kujenga mwili wa mtoto na tishu zake mwenyewe. Inashuka kidogo tu kwenye damu, kwa milimoli 0.2 hadi 0.5. Projesteroni inayoizuia aldosteroni isishike chumvi, inaizuia pia isimwage potasiamu. Hii 3.8 yako inaniambia kwamba mvutano uko sawa.

Kuna jambo moja la kushangaza ambalo wengi hulisahau. Sehemu ya projesteroni hiyohiyo, ikiwa nje ya adrenali, ikiwemo ndani ya figo, hubadilishwa kuwa deoksikotikosteroni, homoni inayoshika chumvi. Inapanda sana mwishoni mwa mimba, na haishuki hata adrenali za mama zikizimwa kwa dawa. Kwa hiyo projesteroni inanyima kwa mkono mmoja na kutoa kwa mkono wa pili.

Sasa kotisoli, ile homoni nyingine ya adrenali uliyopimwa. Estrojeni hulifanya ini litengeneze zaidi protini ya kubeba kotisoli kwenye damu, mara mbili hadi tatu. Vipimo vingi vya damu hupima kotisoli yote, iliyobebwa na iliyo huru, kwa hiyo namba inapanda hata kama inayofanya kazi imebadilika kidogo. Lakini nisikudanganye kwamba yote ni ya protini: kondo lako linatengeneza pia homoni ya kuziamsha adrenali, na kotisoli huru nayo inapanda kweli, hasa miezi mitatu ya mwisho. Kotisoli inaweza kuingia kwenye kipokezi cha aldosteroni na kukiamsha. Kinachozuia ni kimeng'enya kilichopo kwenye seli hizohizo za figo ambacho huigeuza kuwa kotisoni isiyo na nguvu. Kimeng'enya hicho kipo pia kwenye kondo, kikimlinda mtoto asipate kotisoli yote ya mama. Mzizi wa likorisi, yaani urukususu, hukizima. Mjamzito asiutumie kwa wingi, iwe kama pipi au kama dawa ya kikohozi.

31 ya asubuhi katika wiki ya 28 ni ya kawaida. Mwenye ugonjwa wa kotisoli nyingi huwa na vitu vingine: presha ya juu, misuli ya mapaja kuisha nguvu hata kuinuka kwenye kiti ni shida, michubuko isiyo na sababu, michirizi mipana ya zambarau, sukari kupanda. Pia kotisoli yake haishuki usiku, wakati yako inapaswa kushuka ingawa iko juu kwa jumla. Kama daktari ana shaka, kipimo cha mate cha usiku wa manane kinasaidia kuliko kurudia kipimo cha damu cha asubuhi, kwa sababu mate hayabebi ile protini.

Uvimbe wa miguu, uliokupeleka maabara, hausababishwi na chumvi ya mezani. Mfuko wa uzazi unagandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, protini za damu zimepungua kwa kuchanganyika na maji mengi, na ukisimama kutwa maji hutuama chini. Jaribu hivi: kila mchana na jioni lala kwa ubavu, wa kushoto ukiweza, kwa nusu saa hadi saa nzima. Uzito unaondoka kwenye mishipa mikubwa, damu inarudi, na figo hutoa chumvi na maji zaidi. Utakojoa zaidi baadaye, na hiyo ndiyo dalili kwamba imefanya kazi. Ndiyo sababu pia unaamka usiku kukojoa: maji ya miguuni yanarudi ukilala. Soksi za kubana zivaliwe asubuhi kabla hujashuka kitandani, si jioni miguu ikiwa imeshavimba. Vidonge vya kukojosha usivitumie kwa uvimbe wa aina hii, maana vinakamua ujazo wa damu ambao mwili umeutafuta kwa miezi sita.

Chumvi basi kiasi gani? Kula kama mtu mzima mwenye afya anavyopaswa kula. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wote wasizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni pamoja na iliyomo tayari kwenye vyakula vya viwandani. Huna sababu ya kuzidisha, na huna sababu ya kwenda sifuri. Shirika hilohilo halipendekezi kupunguza chumvi wakati wa mimba kwa lengo la kuzuia priklampsia, ile hali inayotangulia kifafa cha mimba. Chumvi hiyo iwe yenye madini joto. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za iodini kwa siku kwa ajili ya ubongo wa mtoto, na kwa watu wengi chumvi ndiyo njia yake kuu. Anayeiacha chumvi mara nyingi anaiacha na iodini bila kujua.

Kuna hali chache ambazo ningejibu tofauti kabisa.

Kama presha yako ingekuwa 140/90 au zaidi na potasiamu chini ya 3.5, ningetaka renini ipimwe pamoja na aldosteroni, damu ileile, siku ileile. Mimba yenye afya ina renini ya juu. Renini iliyozimika huku aldosteroni iko juu ni dalili ya uvimbe mdogo wa adrenali au adrenali zilizokua kupita kiasi. Ugonjwa huo una tabia ya kudanganya: kwa baadhi ya wanawake hutulia wakati wa mimba, kwa kuwa projesteroni inafanya kazi ya dawa bila mtu kujua, halafu presha inalipuka na potasiamu inaporomoka siku chache baada ya kujifungua, kondo likiwa limetoka. Mwaka 2000 ilielezwa pia hali adimu ya kurithi, ambapo kipokezi cha aldosteroni kina kasoro ya sehemu moja tu, na projesteroni, badala ya kukifunga, inakiamsha. Wanawake wa namna hiyo hupata presha kali wakiwa wajawazito huku aldosteroni yao iko chini, na spironolaktoni inawazidishia.

Priklampsia ndiyo ya kuiogopa zaidi, na ndiyo inayovuruga hesabu yote niliyoeleza. Ndani yake mishipa inapoteza ule ugumu wa kuitikia anjiotensini, inabana, na ujazo wa damu unapungua. Ungetarajia renini na aldosteroni zipande zaidi. Kinyume chake, huwa chini kuliko za mjamzito mwenye afya wa wiki hizohizo. Ndiyo maana nilisema aldosteroni ya 8 ingenishtua zaidi. Hata hivyo, priklampsia haitambuliwi kwa aldosteroni, hutambuliwa kwa presha, mkojo, vipimo vya damu na dalili. Uso na vidole vikivimba ghafla, kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona nyota au ukungu, au maumivu yakija juu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kliniki ni kesho. Presha ya 160/110 ni ya dharura, saa hiyohiyo.

Kwa wasomaji wenye ugonjwa wa Addison, yaani adrenali zisizofanya kazi, maelezo haya ni ya vitendo zaidi. Projesteroni inawamwaga chumvi na hawana adrenali za kujibu. Fludrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya aldosteroni, mara nyingi huhitaji kuongezwa miezi ya mwisho, na kipimo cha kuongozea ni presha ya kukaa na ya kusimama, pamoja na potasiamu. Renini haifai kuongozea dozi hapa, kwa kuwa estrojeni inaipandisha hata dozi ikiwa sahihi. Haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, huongezwa kwa wengi kwa asilimia 20 hadi 40 kuanzia miezi mitatu ya mwisho. Deksamethasoni haichaguliwi kama dawa ya kila siku, kwa sababu kimeng'enya cha kondo hakiivunji vya kutosha na inamfikia mtoto. Ukitapika vidonge na huwezi kuvirudia, sindano ya haidrokotisoni ya miligramu 100 ndipo mahali pake, na safari ya hospitali ianze papo hapo. Uchungu ukishakolea, hutolewa miligramu 100 kwa sindano, kisha 200 kwa saa 24 kwa dripu, au 50 kila baada ya saa 6. Andika haya kwenye kadi ya kliniki mapema, kwa sababu mkunga wa zamu ya usiku hatakuwa na muda wa kutafuta daktari wako. Na wote, wenye Addison na wasio nayo: dawa za presha zinazozuia anjiotensini hazitumiki katika ujauzito, zinaharibu figo za mtoto, na spironolaktoni huepukwa kwa kuwa inaweza kuvuruga ukuaji wa via vya mtoto wa kiume.

Turudi kwako. Usirudie aldosteroni wala kotisoli sasa. Endelea na presha na mkojo kila kliniki. Baada ya kujifungua projesteroni inaporomoka ndani ya siku chache, na chumvi na maji vilivyokusanywa vinaanza kutoka. Miguu inaweza kuvimba zaidi siku mbili tatu za kwanza, kisha utakojoa sana. Presha hufika kileleni kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati ambao wengi wameshakwenda nyumbani, kwa hiyo panga ipimwe siku hizo hata ukijisikia vizuri.

Kama daktari bado anataka vipimo hivi virudiwe, subiri wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Utakapofika maabara, sema unatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Vidonge vyenye estrojeni vinaipandisha kotisoli ya kwenye karatasi kama mimba ilivyofanya, na inabidi viachwe wiki 6 kabla ya kupima. Vyenye drospirenoni huizuia aldosteroni kama projesteroni yako inavyofanya leo. Na kama utapimwa tena ukiwa na mimba nyingine, fomu ya maabara iandikwe umri wa mimba kwa wiki, ili anayesoma majibu ajue alinganishe na nini.